Boneti Haina Mwiko

Matatizo mengi makubwa ya gari huanza yakiwa madogo, na hayo madogo huonekana kwa macho kabla fundi hajaitwa. Oili hupungua. Maji ya rejeta hushuka. Tairi hupoteza upepo. Kichwa cha betri hulegea. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka cheti cha ufundi. Yote yanataka mtu wa kufungua boneti na kutazama. Mtu huyo ndiye adimu. Wamiliki wengi wa magari madogo hawajui hata kishikio cha kufungulia boneti kiko wapi, na wapo wanaoona fahari kutokujua.

Fahari hiyo ina wahubiri wake. Asubuhi moja mtangazaji wa redio alisikika akiwausia wasikilizaji kwamba mwenye gari ana kazi mbili tu, kutia mafuta na kushika usukani. Mengine "mwachie fundi". Wenzake studioni wakacheka kwa kukubali. Ni kauli ya kawaida mjini, inasemwa kwenye harusi, ofisini na kwenye foleni. Ndiyo inayojaza magari kando ya Barabara ya Morogoro jioni za joto, boneti zikiwa juu, mvuke ukipanda, na bwana mwenye shati la ofisini akiwa na chupa ya maji ya kunywa mkononi, hajui aimimine wapi.

Mfumo wa kupoza injini ndio unaoonyesha vizuri zaidi gharama ya kumwachia fundi kila kitu. Ndani yake mna themostati, kifaa kidogo chenye nta na springi. Injini ikiwa baridi, themostati huziba njia ya maji kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, kwa magari mengi madogo ya Toyota, nta hutanuka, springi hubonyea, na maji hupita. Joto likishuka, njia huziba tena. Kazi hiyo huendelea kimya kimya kwa miaka.

Katika gereji nyingi za mitaani, dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kung'oa themostati na kuitupa. Maelezo huwa yaleyale: "Hii nchi ya joto, bosi. Themostati ni ya Ulaya." Bosi hutikisa kichwa kama aliyeelewa, hulipa, huondoka.

Hesabu ya darasa la nne ingetosha kumzuia. Joto la Dar es Salaam, hata mwezi wa Februari watu wanapolalamika mpaka usiku wa manane, halizidi sana nyuzi 35. Injini inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kati ya 35 na 90 kuna nyuzi 55, na injini haina habari kama imeegeshwa Temeke au Sapporo; kwake kote ni baridi. Na hiyo "nchi ya joto" ina Makete ndani yake, ambako mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Fundi wa Makete naye hung'oa themostati kwa sababu ya joto.

Kinachofuata kinajulikana. Kompyuta ya gari hupata taarifa kwamba injini bado ni baridi, kwa hiyo huongeza petroli. Mafuta yanaliwa, plagi zinaingia masizi, na mwenye gari anailaumu serikali kwa bei ya petroli. Kwa injini ambazo themostati yake pia huziba njia ya mkato ya maji, hali ni mbaya zaidi: ikishang'olewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililopelekwa kutibiwa kuchemsha hurudi likichemsha kuliko lilivyokwenda, hasa likipanda mlima. Fundi hufunga feni ya moja kwa moja. Baadaye hedi gasketi huungua. Mwisho hupeleka hedi kusagwa. Kila hatua ina bili yake, na zote zimetokana na sentensi moja kuhusu nchi ya joto.

Maji nayo yana hekaya yake. Maji ya rangi yanayotoka na gari kiwandani, yaani kulanti, huonwa kuwa anasa, kwa hiyo hubadilishwa na maji ya bomba, na pale bomba lisipotoa, na maji ya kisima yenye chumvi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi huchemka kwenye nyuzi 106 hivi ikiwa wazi, na zaidi ya 120 ikiwa chini ya shinikizo la mfuniko wa rejeta. Ina pia dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima hayana dawa hiyo; yana chumvi, na chumvi hula rejeta na wotapampu. Mfuniko wenyewe una springi, na springi ikichoka, shinikizo hupotea na maji huchemka mapema. Mfuniko huo ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu vyote vinavyozunguka hedi, na ndicho cha mwisho kukaguliwa.

Kazi ya mwenye gari hapa ni ya nusu dakika. Injini ikiwa baridi, hutazama tangi la akiba la plastiki na kuona kama maji yako kati ya alama ya F na ya L. Yakiwa yamepungua, huongeza kulanti ya aina ileile. Yakipungua tena baada ya siku chache, kuna mahali panapovuja, na fundi ataitwa akiwa na swali mahususi la kujibu. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji ya moto huruka usoni.

Hoja ya nchi ya joto huhamia kwenye oili bila hata kubadilisha nguo. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye Vitz, IST, Probox na Fielder nyingi zinazozunguka Afrika Mashariki, hutumia lita 3.7 hivi za oili pamoja na filta, na oili iliyopendekezwa kwake ni nyepesi, kama 5W-30. Gereji huipa 20W-50, nzito, kwa maelezo kwamba joto la hapa "linaiyeyusha" ile nyepesi. Namba ya pili, yaani 30 au 50, hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, ambako ndiko injini yoyote hukaribia, Oslo au Tanga. Njia za oili ndani ya injini hizi ni nyembamba. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, na asubuhi ndipo vyuma husagana zaidi.

Kosa la pili ni kusubiri taa nyekundu ya kopo la oili iwake kwenye dashibodi. Taa hiyo haipimi kiasi cha oili. Inapima shinikizo lake. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, mara nyingi pampu imekwisha kuvuta hewa, na vyuma vinasagana vikavu. Injini hunoki katika dakika chache. Mwenye gari aliyeiona taa akasema "nitafika tu" hufika kwa kuvutwa na kamba.

Kijiti cha oili kipo ili mambo yasifike huko. Gari husimama mahali tambarare, injini huzimwa kwa dakika kumi hivi. Kijiti, ambacho mara nyingi kina pete ya njano, huchomolewa, hufutwa kwa kitambaa, hurudishwa mpaka mwisho, huchomolewa tena. Alama ya oili inatakiwa iwe kati ya vitone viwili vya chuma. Ikiwa chini, oili huongezwa kidogo kidogo. Rangi nyeusi inaeleza kwamba oili imefanya kazi na yaweza kuwa imekaribia kubadilishwa. Rangi ya chai ya maziwa inaeleza kwamba maji yameingia kwenye oili, na hapo gari haliwashwi tena mpaka fundi afike. Taarifa yote hiyo iko kwenye kipande cha chuma cha bure. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye gari huyu anaambiwa kila mwaka na bado hatazami.

Utetezi wa kutotazama ni mwingi, na ulio maarufu ni ule wa heshima: mtu mwenye hadhi hafungui boneti hadharani, watu watadhani gari lake ni bovu. Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alianza maisha yake gereji, mikono ikiwa na grisi, kabla dunia haijamfahamu kwa usukani. Hadhi yake haikupungua. Lakini mhasibu mwenye Passo anaona kijiti cha oili kitamshushia cheo. Mhasibu huyohuyo kila Jumamosi hukaa saa mbili kwenye kibanda cha kuoshea magari, akisimamia ringi zing'arishwe na dashibodi ipakwe mafuta mpaka ing'ae, kisha ananunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Pesa nyingine huenda kwenye taa nyeupe za kupofusha madereva wanaokuja mbele. Muda upo, pesa zipo. Kinachokosekana ni shabaha.

Shule za udereva nazo zina mchango wao. Mwanafunzi hufundishwa alama za barabarani, kurudi nyuma kati ya vigingi na kupanda mlima bila gari kurudi. Wengi hupata leseni bila kuonyeshwa kijiti cha oili kiko wapi. Kisha huingizwa kwenye barabara zenye matuta yasiyopakwa rangi, ambayo hugundulika kwa kichwa kugonga dari, na shokapu na bushi huanza safari yao ya kaburini mwezi wa kwanza.

Tairi ni eneo jingine ambalo macho yanatosha. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva hutaja upepo unaotakiwa. Kwa magari mengi madogo kutoka Japani ni kilopaskali 220 au 230, sawa na paundi 32 au 33. Kibandiko kikiwa cha Kijapani, namba bado ni namba. Kijana wa kujaza upepo hatazami kibandiko, huuliza "arobaini?" na mwenye gari hujibu "weka tu". Tairi iliyojazwa kupita kiasi huliwa katikati na kushika barabara vibaya. Iliyopungua huliwa kingo, hupata moto na hupasuka safarini. Upepo hupimwa asubuhi, tairi ikiwa baridi. Ubavuni mwa tairi mna namba nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua matairi ya mtumba bila kusoma namba hizo ananunua kitu asichokijua umri, kisha anaendea nacho Dodoma na familia nzima.

Betri mpya huuzwa mara nyingi kabla ya ile ya zamani kufa. Gari likigoma kuwaka na kutoa mlio wa tik-tik, fundi umeme husema betri imekwisha, na ana mpya tayari. Wakati mwingine kosa ni unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, au kichwa kilicholegea. Unga huo hutolewa kwa maji ya moto na brashi, kwa kuanza kufungua waya wa hasi na kumalizia kufunga huohuo. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi kwenye mita. Injini ikiwaka, husoma karibu 14. Ikisoma 12 injini ikiwa inanguruma, mshukiwa ni alteneta, na betri mpya nayo itakufa.

Zipo kazi za fundi, na hazina ubishi: mfumo wa breki, mifuko ya hewa, giaboksi, kufungua injini. Lakini hata huko mwenye gari huenda akijua oili ya giaboksi lake ni ipi, kwa sababu giaboksi la CVT lililotiwa oili ya kawaida ya otomatiki huharibika. Hununua spea mwenyewe, Kariakoo ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, ili asilipe cha juu bila kujua. Hudai kifaa cha zamani kilichotolewa. Huandika kwenye daftari tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Fundi mwema hufurahia mteja wa namna hii. Anayenuna ndiye aliyekuwa akiishi kwa ujinga wa mteja, na huyo abadilishwe kabla ya oili.

Oili, maji, upepo, betri, na taa za nje mara moja kwa wiki, gari likiwa limepoa: ni dakika zisizozidi kumi. Anayeona dakika hizo ni nyingi mno auze gari apande daladala, kwa sababu mwenye daladala, ambaye riziki yake inategemea injini hiyo, huhakikisha kila alfajiri kuna mtu amechungulia kijiti cha oili.