Korti ya Katiba si mali ya mwenye kushinda

Wandugu, vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Tangu tarehe 20 mwezi wa 5, 2025, Korti ya Katiba ilipomhukumu Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ngumu, kuko wanaoshangilia na kuko wanaolia sababu ni mtoto wa Maniema. Sisi hatuko upande wa hawa wala wa wale. Feza za Bukanga Lonzo zilikuwa za raia, na mwenye kuzikula alipe, hata awe wa nyumbani. Lakini kuko swali ambalo batu wanaliruka: korti yenyewe ni ya nani?

Mwezi wa 11, 2021, korti hiyo hiyo ilisema haina uwezo wa kuhukumu waziri mkuu wa zamani. Kifungu cha 168 cha Katiba kinasema maamuzi yake hayakatiwi rufaa. Basi mambo yakaisha? Hapana. Mwezi wa 5, 2022, kura ya bahati ilimtoa prezida wa korti, Dieudonné Kaluba; Dieudonné Kamuleta akachukua kiti. Mwezi wa 11 mwaka ule ule korti ikasema: uwezo tunao. Katiba haikubadilika hata herufi moja. Batu njo walibadilika. Hatusemi kuna mutu alipiga simu. Tunasema raia akiona vile, ana haki ya kuuliza.

Na ninyi wa FCC mnaolia leo kwamba haki imekufa, tafazali! Tarehe 11 mwezi wa 5, 2016, korti iliposema Kabila anaweza kubaki kitini mpaka prezida mwingine aingie, nani alipiga makofi? Mwezi wa 6, 2019, ilipowafuta wabunge wengi wa upinzani, kisha ikarudisha baadhi yao, nani alinyamaza? Wakati ule korti ilikuwa nzuri.

Kisha upepo ukageuka. Tarehe 17 mwezi wa 7, 2020, Félix Tshisekedi aliweka waamuzi watatu wapya katika Korti ya Katiba. Wawili waliokuwamo, Kilomba na Ubulu, akawapeleka Korti ya Kasasyo. Wakakataa, maana muhula wa mwamuzi ni miaka 9 na wao walikuwa hawajaumaliza. Karatasi ilisainiwa na Gilbert Kankonde, aliyekuwa anashika nafasi ya waziri mkuu Ilunga Ilunkamba, na huyu alikuwa Lubumbashi. Tarehe 21 mwezi wa 10 wale wapya wakala kiapo, bila Jeanine Mabunda wala Alexis Thambwe Mwamba, wakuu wa mabunge yote mawili. Tarehe 6 mwezi wa 12 Prezida akatangaza mwisho wa muungano na FCC. Mwezi wa 1, 2021, serikali ikaangushwa bungeni, pale FCC ilipokuwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500! Muone mpangilio: kwanza korti, kisha bunge, kisha serikali.

Mchezo huu si wa Kongo peke. Huko Marekani, John Adams alishindwa na Thomas Jefferson katika uchaguzi wa 1800. Mbele ya kutoka, chama chake kikaongeza korti mpya, naye akazijaza waamuzi wake mpaka siku za mwisho kabisa. Chama cha Jefferson kikaifuta sheria ile mwaka 1802, na Korti Kuu ikakaa zaidi ya mwaka bila kukutana. Mwaka 1804 wakamshitaki mwamuzi Samuel Chase ili wamtoe. Mpaka hapo ni sawa na kwetu. Lakini mwaka 1805 Seneti, ambamo watu wa Jefferson walikuwa wengi, ikakosa kura za kumtoa, sababu baadhi ya watu wake mwenyewe walisema hapana. Kwetu, mbunge gani wa Union Sacrée ataisema hiyo hapana? (Marekani si mbinguni, wangali wanagombania korti mpaka leo.)

Tarehe 23 mwezi wa 10, 2024, kule Kisangani, Prezida alitangaza komisyo ya kutengeneza katiba mpya. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya prezida. Kinakataza pia kugusa uhuru wa korti. Siku watakapojaribu, watakaosema kama kifungu kimevunjwa ni waamuzi 9: watatu anawachagua Prezida mwenyewe, watatu Bunge, watatu Baraza Kuu la Waamuzi. Na Bunge la leo liko mikononi mwa nani, kila mutu anajua.

Kwa hiyo tunadai majina ya waamuzi wapya yatangazwe mapema, raia wayajue na wayajadili mbele ya kiapo. Mwamuzi asihamishwe kwa nguvu mbele ya miaka yake 9. Na wabunge na maseneta wa Maniema waseme wazi wanamuunga nani mkono na kwa sababu gani. Wakishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kindu, tuwaulize palepale, mbele hawajaingia ndani ya gari.