Mvua juu ya bati, kiu dirishani

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Zaituni Mukamana

Ukitaka kuona ua likifa kwa kiu mahali palipojaa mvua, njoo Bweyeye. Tumebanwa kati ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi, na msitu huo hunyeshewa zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Hata hivyo, mvua ya Nyungwe haijawahi kupita kwenye bati ikaingia ndani ya kopo la ua lililokaa dirishani. Na Julai, hata nje penyewe anga huwa kavu.

Julai hiyohiyo ndipo wageni wetu wanapoondoka. Wapo walimu waliopangiwa kazi huku na kwao ni mbali, na likizo ndefu ya shule siku hizi huangukia kiangazi. Mwalimu anafunga mlango, anamwachia jirani ufunguo, anapanda gari la kwenda Pindura. Kuku wameshaelezwa kwa kirefu. Maua hukumbukwa mguu mmoja ukiwa tayari garini: “Mama, na maua uyatupie maji!”

Agizo hilo ndilo linaloua. Jirani mvivu husababisha hasara ndogo. Wa kuogopwa ni jirani mwaminifu. Yeye atamimina kikombe kizima kila asubuhi ili mwenye nyumba akirudi asimlaumu. Ikiwa dirishani kuna zamiokulkasi, ule mmea wa vijani vinene vinavyong'aa ambao kila ofisi inao, basi ameumaliza. Mmea huo ni wetu, kwao ni kuanzia Kenya na Zanzibar kushuka hadi Afrika Kusini, ingawa Waholanzi ndio walioufanya bidhaa ya dunia miaka ya 1990. Chini ya udongo una viazi vinavyoweka akiba ya maji, kwa hiyo mwezi mzima bila tone si kitu kwake. Ukinyweshwa kila siku, viazi vinaoza na mashina yanalegea. Jirani akiona yamelegea, anaongeza maji.

Kando yake pengine kuna lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo mwaka 1892 Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka mbegu zake Ulaya. Hilo kwao ni Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Lenyewe halipendi kukauka, wala halitaki maji baridi yamwagwe juu ya majani. Linataka kunywea chini, kutoka kwenye sahani. Mimea miwili, dirisha moja, agizo moja. Mmoja lazima ufe.

Kwa hiyo rai yangu kwa wasafiri ni kwamba mnapoacha ufunguo, semeni pia kila ua kwao ni wapi. Anayejua kwamba ua hili limezoea mwamba wenye umande na lile limezoea nyika hahitaji ratiba ya siku kwa siku. Atatia kidole kwenye udongo, ataamua.

Mwenye shaka na atazame hapa hapa wilayani Rusizi. Huko Mashyuza, kwenye chemchemi ya maji moto upande wa Bugarama, mwaka 1987 Mjerumani Eberhard Fischer alikuta yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Kufikia 2008 maji ya chemchemi yalikuwa yamevutwa kwa matumizi mengine, tope likakauka, na ua likatoweka pale. Lilibaki kwenye bustani ya mimea ya Bonn. Mbegu zilifika pia bustani ya Kew, London, na kule miche ikawa inakufa. Mtaalamu wa huko, Carlos Magdalena, aliipa kila kitu ambacho yungiyungi hupewa, yaani maji tele juu ya kichwa. Ndipo akarudi kwenye maelezo ya kwao: ua hili halizami, huota kwenye tope lenye joto la nyuzi 25 hivi, pembezoni mwa maji, likipata hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani. Mwaka 2009 alishusha maji hadi usawa wa udongo, na miche ikakua. Ikiwa mtaalamu wa Kew alilazimika kuuliza habari za Mashyuza, sembuse jirani yako?

Vyombo vya kumwagilia vyenyewe visikusumbue sana. Mimi nashika utambi. Chukua ndoo ya maji, uzi mnene wa pamba, ncha moja izame ndani ya ndoo na nyingine uizike karibu na mizizi; maji yatapanda kidogo kidogo kama mafuta kwenye koroboi. Lowesha uzi kwanza, na uujaribu siku kadhaa kabla ya safari, maana si kila uzi huvuta maji vizuri. Ua la Usambara hupenda mpango huu. Zamiokulkasi usiifunge utambi kabisa. Sogeza makopo mbali na jua la dirisha, yaweke pamoja, ondoka.

Na jirani alipwe. Mpe jani. Ua la Usambara huota kwa jani moja lililochomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na zamiokulkasi vilevile, ingawa hii itamchosha kwa kusubiri. Ua la Mashyuza lilinusurika kwa sababu lilikuwa limeshapandwa kwa watu wengine kabla kwao hakujakauka. Na mwaka 2023, Fischer na wenzake walipolikuta tena porini karibu na chemchemi ileile, watoto wake walikuwa wameshaenea kwenye bustani za Ulaya. Mwalimu akirudi Septemba akute kopo lake limekauka, atabisha hodi mlango wa pili na kuomba jani.