Upanga, mpira wa moto na saa: nani alipata usawa katika Dungeons & Dragons?

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie mchezo. Msikimbie lakini! Mchezo wenyewe una hesabu nyingi kuliko programu kadhaa nilizowahi kulipwa kuziandika.

Kwa wageni: Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hauhitaji tarakilishi. Mmoja wenu huwa msimamizi, anasimulia kisa na kuwaendesha mazimwi. Wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mchawi na kadhalika. Ukitaka kumkata zimwi unarusha dadu ya pande 20, na kila nyongeza ya 1 unayopewa ni sawa na asilimia 5 ya bahati. Kwa ufupi, kitabu cha sheria ni programu, ila inaendeshwa ndani ya vichwa vya watu badala ya mashine.

Sasa, wachezaji wakikutana hawakosi kubishana: ni toleo gani lenye usawa katika vita? Huyu atakuambia mchawi wa toleo fulani anapiga sana, yule atakuambia mpiganaji wake ni dhaifu. Wote wanapima ukubwa wa pigo. Mimi naona wanapima kitu kisichofaa. Usawa uko kwenye saa: mnapigana mara ngapi kabla wahusika hawajalala? Na toleo linalolificha jambo hilo humwonea mwenye upanga.

Twende toleo kwa toleo.

Katika matoleo ya kwanza na ya pili ya Advanced Dungeons & Dragons (la pili lilitoka 1989), usawa ulilipwa kwa miaka. Mchawi alianza maisha akiwa na tamko moja tu la kichawi kwa siku, na uhai wa kurushiwa dadu ya pande 4. Paka angemtisha. Akipigwa katikati ya kutamka, tamko linapotea. Tena alipanda ngazi polepole: katika toleo la pili alihitaji pointi 2,500 za uzoefu kufika ngazi ya pili, mpiganaji 2,000, mwizi 1,250. Mpango ulikuwa huu: mpiganaji atambe mapema, mchawi atambe uzeeni. Ni usawa, lakini ni usawa wa kuambiwa subiri zamu yako kwa miezi kadhaa. Wangapi wanacheza kisa kimoja muda wote huo?

Toleo la tatu likaja mwaka 2000, likafanyiwa marekebisho 2003. Kama mtu wa programu nalipenda sana hili, maana lilisafisha uchafu mwingi. Kila mhusika akapewa jedwali moja la kupandia ngazi: pointi 1,000 na uko ngazi ya pili, uwe nani uwe nani. Mchawi akaruhusiwa kujaribu kutamka kwa uangalifu bila kushambuliwa. Kila zimwi akapewa namba ya ugumu, na kitabu kikaeleza kwamba pambano linalolingana na ngazi yenu litakula kama asilimia 20 ya nguvu za kundi la watu wanne.

Mmeona kilichofanyika? Breki za mchawi ziliondolewa moja baada ya nyingine, injini ikaachwa vile vile. Mpiganaji anaongeza pigo la pili akifika ngazi ya 6. Mchawi huyo wa ngazi ya 6 anaruka angani, anatoweka machoni, na anachoma chumba kizima. Kila badiliko peke yake lilikuwa zuri. Yakijumlishwa, mwenye upanga akawa mbeba mizigo.

Toleo la nne, 2008, ndilo lililotukanwa kuliko yote. Nalo ndilo nitakalolitetea. Lilimpa kila mhusika mpangilio mmoja: mbinu za kutumia wakati wowote, mbinu za mara moja kwa pambano, na mbinu za mara moja kwa siku. Mpiganaji naye akawa na mambo ya kuchagua. Mazimwi wakapangwa kwa kazi zao, na msimamizi akapewa bajeti: zimwi wa kawaida wa ngazi ya kwanza ni pointi 100, basi watu watano unawapangia pointi 500. Mkipigana mara moja au mara tano kwa siku, hakuna anayeachwa nyuma sana, kwa sababu wote wanaishiwa kwa kasi moja.

Makosa yalikuwepo, sikatai. Mapambano yalikuwa marefu, mazimwi wana uhai mwingi na meno butu, hadi kitabu cha tatu cha mazimwi cha mwaka 2010 kilipowaongezea makali. Na wengi walilalamika kwamba wahusika wote wanafanana, wengine wakahamia Pathfinder iliyotoka 2009. Lakini kufanana kwenye karatasi si kufanana mezani. Mpiganaji wa toleo hilo kazi yake ilikuwa kumganda adui asiwafikie wenzake, kazi ambayo mchawi hakuiweza.

Toleo la tano, 2014, lilirudisha tofauti za zamani na likapendwa. Nyongeza ya ustadi inaanzia 2 na kuishia 6 kwa kila mtu, kwa hiyo hata zimwi mdogo bado anaweza kukugusa. Safi. Ila saa ikarudi kwa siri. Kitabu cha msimamizi kilikadiria mapambano sita hadi manane ya kadiri au magumu kwa siku moja ya mchezo. Hebu tupige hesabu, tukichukulia kila pigo linapata, na kila pambano lina raundi tatu.

Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye upanga mkubwa anapiga mara mbili kwa raundi, wastani 11 kila pigo: jumla 22. Mchawi wa ngazi hiyo ana nafasi mbili za kurusha mpira wa moto, dadu 8 za pande 6, wastani 28. Ukiwakumba maadui wanne ni 112. Raundi zinazobaki anarusha cheche ya moto, wastani 11. Matamko madogo ya mchawi na mbinu maalumu za mpiganaji nimeyaacha yote.

Mapambano saba: mpiganaji 462, mchawi 433. Karibu sawa! Mapambano mawili: mpiganaji 132, mchawi 268. Maradufu.

Na ni nani anayepigana mara saba? Meza yetu hapa Nairobi hukutana Jumamosi alasiri, na kila mtu ana macho kwenye saa kwa sababu ya matatu za kurudi nyumbani. Tukimaliza mapambano mawili tumefanya kazi. Rafiki yetu mmoja mwenye mpiganaji alianza kwa kushika simu wakati wa zamu za wengine, baadaye akawa anachelewa, mwishowe akaacha kuja. Hakukasirika na mtu. Alichoka tu kuwa mtazamaji, na amelipa nauli.

Sisi waandishi wa programu twaijua hali hii. Mfumo umejengwa kwa matumizi fulani, sharti hilo limeandikwa ukurasa ambao hakuna anayeusoma, halafu watumiaji wanalaumiwa kwa kuutumia vibaya. Kitabu cha msimamizi cha 2024 kimeliondoa kadirio lile la siku. Lakini mchawi bado anajaza nguvu zake kwa kulala, kwa hiyo sharti bado lipo, limekosa tu kuandikwa.

Dawa ipo, na haihitaji kununua toleo jipya. Kitabu cha 2014 chenyewe kina sheria ya hiari: mapumziko mafupi yawe saa 8, mapumziko marefu yawe siku 7. Hapo mapambano saba yanaenea Jumamosi tatu au nne, na mchawi anafikiri mara mbili kabla ya kuwasha moto. Mkiona ni usumbufu, chezeni toleo la nne bila aibu.

Msimamizi, kabla ya kuwauliza wachezaji wako wanataka toleo gani, waulize wanaondoka saa ngapi. Hadi wakati mwingine, kwaherini!