Kabla msumeno wa meza haujaingia uani kwenu

Baba mdogo alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana, na kama ilivyo kwa wastaafu wengi, mafao yake yalishagawanywa na watu wengine kabla hayajaingia benki. Mama mdogo alitaka friza ya samaki. Wadogo zangu walitaka pikipiki. Yeye mwenyewe alikaa kimya mpaka fedha zilipoingia, ndipo akasema anataka msumeno wa meza.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "nimepata mashine Songea. Ya Mjerumani, chuma kitupu. Njoo tukaione."

Nilimwamkia, kisha nikamkumbusha kwamba mimi naandika habari za afya, sijui lolote kuhusu mashine. Akacheka. "Ndiyo maana nakuita. Mama yako mdogo amesema usipoiona wewe, haikanyagi hapa."

Wasomaji wa ukurasa huu huniandikia kuhusu presha, vidonda vya tumbo na homa za watoto. Sikumbuki aliyewahi kuniuliza kuhusu msumeno. Lakini karakana ndogo za nyumbani zinaongezeka, na Mbamba Bay si tofauti. Tangu Ruvuma iunganishwe na gridi ya taifa kutoka Makambako, na lami kutoka Mbinga ifike ziwani, watu wanajenga, na anayejenga anataka milango, madirisha na vitanda. Seremala aliyekuwa akipasua mbao kwa mkono sasa anatafuta mashine. Mpya haiwezi, kwa hiyo ananunua iliyotumika, anaiweka nyuma ya jiko, na familia nzima inaanza kuishi nayo.

Aliyoipata baba mdogo ni ile aina nzito, ambayo mota yake imefichwa ndani ya kabati la chuma na meza yake ni ya chuma cha kusubu. Mashine za aina hii hudumu. Ukikuta moja ya miaka 40 bado inafanya kazi, usishangae. Shida ni kwamba katika miaka hiyo 40 imepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja amefungua kitu alichoona kinamchelewesha.

Tuliikuta kwenye karakana moja pembezoni mwa Songea. Mwenye mashine, mzee mwenye maneno mazuri, alitupokea kwa mkono wa kulia na kutuonyesha mashine kwa mkono wa kushoto. Kidole chake cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha pili. Nilijizuia kuuliza kwa dakika kama tano hivi, kisha nikamuuliza. "Mashine haina ubaya," alinijibu. "Siku ile nilikuwa na haraka."

Baba mdogo alikuwa amekuja na rula ndefu ya chuma. Aliilaza juu ya meza, akachungulia kama mwanga unapita chini yake, na haukupita. Alishika diski ikiwa imezimwa, akaitikisa kushoto na kulia kuona kama shafti inacheza. Aliizungusha kwa mkono na kutega sikio, kwa sababu beringi zilizokwisha hulalamika hata zikizunguka polepole. Aliipandisha na kuishusha diski kwa usukani wake, akapima kama ukingo wa kuongozea ubao uko sambamba nayo mbele na nyuma. Kote huko mashine ilifaulu. Nilimwona baba mdogo akianza kutabasamu, na mtu anayetabasamu mbele ya muuzaji ameshapandisha bei.

Nikauliza kilipo kifuniko cha diski. Hakipo. Na lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski? Halipo pia, "linasumbua ukitaka kupasua nusu."

Hapa nieleze kidogo, maana wanaonunua mashine zilizotumika wengi hawajui kwamba bapa lile lilikuwapo. Ubao unapopasuliwa, mara nyingi pande zake mbili hutaka kukutana tena, hasa kama mbao haikukauka vizuri. Zikiibana diski kwa nyuma, meno yanayopanda yanaudaka ubao na kuurusha kwa anayesukuma. Diski ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Ubao unaokuja kwa mwendo huo unavunja mbavu, na mara nyingi mkono uliokuwa ukiusukuma hupoteza mshiko na kuvutwa kwenye diski. Bapa lile linaziweka pande mbili mbalimbali. Unene wake lazima uwe mdogo kuliko njia inayokatwa na meno lakini uzidi unene wa diski yenyewe, kwa hiyo kipande chochote cha bati hakifai.

Marekani, ambako karakana za nyumbani ni nyingi, watu 30,000 hivi kwa mwaka hutibiwa hospitali kwa majeraha ya misumeno ya meza. Kuna Mmarekani mmoja, Steve Gass, ambaye mwaka 1999 alibuni mtambo unaotambua ngozi ya mtu ikigusa diski na kuisimamisha ndani ya sehemu elfu tano za milioni ya sekunde. Mashine hizo zinauzwa tangu 2004, kwa jina la SawStop. Sijaiona hata moja Ruvuma, na bei yake ingemlaza baba mdogo kitandani. Kwetu kinga ni kifuniko, bapa, na kijiti cha kusukumia ubao badala ya vidole.

Kisha niliomba jambo moja ambalo muuzaji hakulipenda. Miaka miwili iliyopita niliandika kuhusu majeraha ya mikono kazini, na muuguzi mmoja wa wodi ya upasuaji aliniambia nikiona mashine ya umeme nisiulize tu inavyowaka, niulize inavyofanya umeme ukikatika. Diski ikashushwa chini ya meza, watu wote wakakaa mbali, mashine ikawashwa. Nikaomba umeme ukatwe kwenye meni swichi ya ukutani. Mashine ikanyamaza, ingawa diski iliendelea kuzunguka kwa muda mrefu sana, karibu dakika nzima. (Mashine mpya za Ulaya hutakiwa kusimama ndani ya sekunde 10.) Ilipotulia kabisa, nikaomba meni swichi irudishwe, bila mtu kugusa mashine.

Ikanguruma yenyewe.

Baba mdogo aliacha kutabasamu. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa nchi hii maana yake. Umeme unakatika saa nne asubuhi katikati ya ubao, fundi anasubiri, anachoka, anakwenda kunywa chai bila kukumbuka kuzima swichi. Mjukuu anakuja kuokota vipande vya mbao vya kuchezea juu ya meza. Saa sita umeme unarudi.

Mashine hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na swichi ya sumaku, ambayo umeme ukikatika inajiachia, na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Ilipoharibika, mtu aliitoa na kuweka swichi ya kawaida. Kosa hilo utalikuta kwenye mashine nyingi za mitumba, na halionekani kwa macho. Kulijua lazima uzime na uwashe.

Lingine lilikuwa la umeme pia. Mota ilikuwa ya njia tatu, na nyumbani kwa baba mdogo kuna njia moja. Muuzaji alisema ni kuweka kapasita tu. Kweli, itazunguka, lakini itapoteza sehemu kubwa ya nguvu na kupata joto, na msumeno usio na nguvu ndio unaokwama kwenye ubao na kuurusha. Njia za kweli ni kuomba TANESCO wakuvutie njia tatu, kubadili mota, au kununua kifaa cha kugeuza umeme kinacholingana na mota hiyo. Na anayenunua mashine iliyotoka Marekani asome kibao cha mota: ya huko imetengenezwa kwa umeme wa hezi 60, wetu ni 50, kwa hiyo itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kuchemka upesi. Vyovyote iwavyo, kabati lile la chuma liwe na waya wa ethi. Ua wa nyumbani una watu wanaotembea pekupeku.

Mzee alianza na milioni tatu na laki mbili. Hakuna aliyepandisha sauti. Baba mdogo alihesabu tu kwa vidole (vyote 10) kilichokosekana: kifuniko, bapa, swichi, mota. Tuliondoka na milioni mbili na laki tatu, na ahadi kwamba mashine haitapakiwa mpaka fundi umeme wa kwetu aione.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Tulipofika Mbamba Bay nikakuta mama mdogo anaanika dagaa.

Anawaanika usipa kwenye vichanja nyuma ya nyumba, mita chache kutoka pale baba mdogo alipokuwa amepima kwa kamba sehemu ya karakana. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Mashine ingekaa upande wa ziwa, vichanja na jiko upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo isipokuwa mwenye dagaa.

Vumbi la mbao tunalichukulia kama uchafu tu wa kufagia. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, lililiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye moshi wa sigara. Saratani yenyewe ni ya pua na mianzi yake, na ushahidi wa mapema ulitoka kwa watengeneza samani wa High Wycombe, Uingereza, miaka ya 1960. Ni saratani adimu, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Baba mdogo aliponisikia alisema kwa umri wake itamkuta kaburini.

Sawa. Lakini pumu haingoji. Vumbi la mvule na la mninga linajulikana kwa kuwasha ngozi, macho na kifua, na kuna watu linawaletea pumu kabisa. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile usizoziona, zinazobaki hewani baada ya mashine kuzimwa. Kitambaa cha kufunga puani hakizizuii; inatakiwa barakoa ya N95 au inayolingana nayo, inayobana usoni. Na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Mjukuu mmoja wa pale nyumbani anakohoa kila msimu wa baridi. Mazungumzo yalibadilika alipotajwa yeye.

Mama mdogo aliuliza kama unga wa mbao unafaa kwa jiko na kwa banda la kuku. Wa mbao za kawaida, watu wengi wanautumia. Wa mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, hapana, maana dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Moshi wake usiingie jikoni.

Tukaongea pia lile ambalo hakuna anayependa kuliongea. Mtu akikatika, azime mashine, akandamize jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, mkono uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe, wala kisitiwe kwenye mafuta ya taa au chumvi. Kuunganisha kidole ni kazi ya mabingwa wachache, walio mbali na Nyasa, na kidole ambacho hakikupoozwa huhesabiwa saa 12 hivi. Sikuwaficha kwamba wengi huishia kushonwa tu. Hata hivyo hospitali ya karibu lazima, kwa damu, kwa usafi wa jeraha na kwa sindano ya pepopunda.

"Barafu itoke wapi?" aliuliza mama mdogo. Hakuna aliyejibu. "Basi friza inunuliwe kwanza."

Ikanunuliwa kwanza.

Msumeno ulifuata wiki tatu baadaye kwa Fuso, na vijana wanane waliushusha. Umesimama kwenye sakafu ya saruji mwisho wa kiwanja, upande ambao upepo wa mchana unapeleka vumbi kwenye migomba. Umewekewa mota nyingine na swichi ya sumaku, na fundi wa kuchomelea alitengeneza bapa na kifuniko kwa kupima na diski yenyewe. Meni swichi ina sanduku lenye kufuli, na ufunguo unalala chumbani. Baba mdogo anataka kuajiri kijana. Nimemwambia siku hiyo atakuwa mwajiri, na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 itamhusu kama inavyowahusu wenye viwanda. Amesema atafikiria.

Jumamosi alinitumia picha ya mlango wa kwanza, wa mninga, umenyooka vizuri. Umefungwa kwenye banda la kuku.