Chuo huria kimekuja, lakini historia na siasa za Pwani tutazisomea wapi?

Ijumaa mbili zilizopita, kijana mmoja mwendesha bodaboda wa hapa Likoni alinisubiri nje ya msikiti. Namjua tangu akiwa mdogo, na mamake ni jirani yetu. Baada ya salamu akaniuliza: "Ami, nataka kusoma historia na siasa chuo kikuu, lakini kwa mtandao, maana kazi siwezi kuiacha. Mamangu asema nitakuwa nimetupa pesa baharini. Wewe waonaje?"

Nilimwomba anipe muda. Si kwamba sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo hivyo, nikiwa na kazi na watoto wawili, na shahada ya miaka minne ikanichukua saba. Lakini lile swali la mamake si la nyumba moja tu. Ndilo swali ambalo serikali yenyewe imekuwa ikiwauliza vijana wetu kwa miaka kadhaa sasa: historia utaifanyia nini?

Agosti 2023 Rais William Ruto alikitunukia hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza. Wengi tulifurahi. Hatimaye mtu wa Faza au Kinango angesoma shahada ya chuo cha umma bila kuhama kwao. Lakini ukiitazama orodha ya shahada zilizotangulia, utaona sayansi ya data, usalama wa mitandao, biashara na ujasiriamali, uchumi na takwimu, na elimu ya teknolojia. Historia haikuwamo. Sayansi ya siasa pia haikuwamo. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, kwani sera ya nchi ni kuwa asilimia 60 ya wanafunzi waelekezwe kwenye sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na wengine wagawane kilichobaki.

Sipingi sayansi. Binti yangu mwenyewe anasomea mambo ya kompyuta. Ninachoshangaa ni hesabu yenyewe. Katika masomo yote ya chuo kikuu, historia na siasa ni miongoni mwa yaliyo rahisi kufundisha kwa masafa. Hayahitaji maabara wala mashine ya mamilioni. Yanahitaji vitabu, nyaraka, mwalimu anayejibu barua, na mwanafunzi mwenye subira. Ndiyo maana masomo ya aina hii ndiyo yaliyobeba elimu ya masafa kabla intaneti haijazaliwa.

Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wanafunzi wa nje tangu mwaka 1858. Afrika Kusini, chuo cha UNISA kiligeukia kufundisha kwa posta mwaka 1946, lakini hata kabla ya hapo watu walikuwa wakijisomea na kufanya mitihani yake. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza kupitia UNISA mwaka 1943, na shahada ya sheria akaipata kupitia chuo hicho hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Wafungwa wenzake kisiwani Robben walisoma kwa barua, na ruhusa ya kusoma ilikuwa ikiondolewa kama adhabu. Vitabu vilivyonusa siasa vilizuiliwa mlangoni. Askari jela walijua fika kitabu cha historia kinafanya nini kichwani mwa mtu, pengine kuliko wanaopanga bajeti zetu leo.

Hapa kwetu, mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya elimu kwa wanafunzi wa nje, ikiendeshwa kutoka kampasi ya Kikuyu. Walimu waliokuwa kazini walitumiwa moduli zilizochapwa, wakazisoma usiku kwa taa ya koroboi, na wengi wao waliteua historia kuwa somo la kufundishia. Baadaye zikaja zile programu za likizo, za Aprili, Agosti na Desemba. Ukimkuta mwalimu wa Historia na Serikali aliyezeeka kazini huku Pwani, muulize alisomaje shahada yake. Usishangae akikuonyesha moduli zake, bado ziko kwenye sanduku.

Ilibidi iwe hivyo. Hadi mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vilipopewa hati, mkoa huu wote haukuwa na chuo kikuu cha umma kilichosimama kwa miguu yake. Nusu karne baada ya uhuru! Aliyekuwa na njia alikwenda Nairobi, asiye nayo alikaa.

Na kuna waliokaa si kwa kukosa akili. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alimaliza mtihani wa shule na daraja la tatu. Daraja hilo halikumfikisha Makerere. Akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha Waislamu cha MIOME, hapa hapa Mombasa, mpaka hotuba yake moja ikamvutia gavana na njia ya kwenda Uingereza ikafunguka. Miaka michache baadaye alikuwa profesa wa siasa katika Makerere ile ile. Sasa jiulize ni makarani wangapi wenye kichwa kama kile ambao hakuna gavana aliyewahi kuwasikiliza. Mtu wa namna hiyo leo hahitaji gavana. Anahitaji chuo kinachomfikia alipo.

Kwa nini nasema jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwingine? Kwa sababu Pwani ni mahali ambapo siasa yote husimama juu ya historia, na historia yenyewe wachache ndio walioisoma. Kila uchaguzi huja mtu na kipaza sauti akatuhubiria kuhusu maili kumi. Anataja mkataba wa 1895, anataja 1963, umati unapiga makofi. Muulize kilichoandikwa katika makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte. Muulize kuhusu Mahakama za Kadhi, au kuhusu hatimiliki za ardhi zilizoahidiwa kulindwa. Muulize Tume ya Robertson ya 1961 ilipendekeza nini. Utaona anavyotafuta maji ya kunywa.

Hilo la hatimiliki ndilo kiini cha mambo. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya Pwani ajitokeze na kuisajili. Iliyokosa mdai ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Waliojua sheria na maandishi walidai. Wengi wa Mijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, hawakudai, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kisha ikafika 1963, na zile hatimiliki zikaahidiwa ulinzi jinsi zilivyo. Ukiziweka tarehe hizi mbili pamoja ndipo unaelewa kwa nini ahadi ile ile iliyomtuliza mtu mmoja ilimfungia mlango mwenzake. Huwezi kuipata hoja hiyo katika mkutano wa hadhara. Inataka mtu akae na nyaraka.

Vuguvugu la MRC lilipovuma na kaulimbiu ya "Pwani si Kenya", vijana wengi waliijua kaulimbiu na hawakuijua nyaraka hata moja. Na nisiwaonee vijana peke yao, kwani maafisa waliotumwa kuwakamata nao hawakuwa wamesoma. Serikali ilipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012, na mwaka uliofuata ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikatoka na kurasa nyingi kuhusu dhuluma za ardhi huku kwetu. Ni watu wangapi mtaani wameifungua ripoti hiyo? Nimeuliza katika baraza tatu za kahawa. Sikupata hata mmoja.

Sasa nirudi kwa kijana wangu, kwa sababu kumwambia "kasome" ni rahisi na kusoma kwenyewe si rahisi.

La kwanza ni upweke. Darasani unamsikia mwenzako akibisha, nawe unapata akili. Kwenye simu unasoma faili la kurasa 40 kwa herufi za mchwa, bando likiisha katikati, na hakuna wa kumuuliza. Siasa hasa haisomeki peke yako. Ni somo la kubishana. Mimi niliokolewa na wanawake wawili wa Changamwe tuliokuwa mwaka mmoja. Walikuwa walimu, wote na watoto wachanga, na tulikutana Jumapili jioni kusomana makala. Bila wao ningeacha mwaka wa pili. Na bila elimu ya masafa, wao wasingeanza kabisa.

La pili ni uzembe wa vyuo. Nitasema lililonipata. Alama zangu za masomo mawili zilipotea. Mitihani nilifanya, karatasi nilitia saini, na kwenye mfumo pakaandikwa kwamba sikuhudhuria. Mwanafunzi wa kampasi angepanda ghorofani akabishe mlango kila siku mpaka wachoke naye. Mimi nilikuwa Mombasa na ofisi iko safari ya usiku mzima kwa basi. Miezi kumi na minne ilipita kabla alama hazijaonekana, na mahafali ya wenzangu nikayatazama kwenye simu. Kwa hivyo, kijana wangu, kila risiti, kila barua, kila karatasi ya kuhudhuria mtihani, piga picha uihifadhi. Usimwamini mtu anayekwambia "iko kwenye sistimu".

La tatu ni pesa. Niliwahi kuomba basari katika ofisi moja hapa, nikaulizwa mbona sina barua ya kuripoti kampasi. Nikaeleza kwamba kampasi yangu ni meza ya jikoni. Fomu ikarudishwa. Mpaka leo fikra hiyo ipo: mwanafunzi ni yule aliyebeba godoro. Na hata hiyo basari yenyewe imeingia mvutano, maana mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe fedha za aina hiyo bila makubaliano na serikali kuu.

Lakini kuna jambo moja ambalo mwanafunzi wa masafa wa Pwani analo na mwenzake wa Nairobi hana. Yeye anaishi ndani ya maktaba. Fort Jesus iko hapa, na taasisi ya utafiti wa Uswahili iko hapa Mombasa. Makaya ya Mijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, yako safari ya matatu tu. Wazee wanaojua nani alilima wapi kabla ya kampuni fulani kuja bado wako hai, baadhi yao. Katika mwaka wangu wa mwisho msimamizi aliniandikia nitafute chanzo cha msingi, nami nikapanda basi hadi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nikafungua faili za mkoa wetu siku tatu. Niliporudi, mzee mmoja wa Jomvu akanieleza kwa dakika ishirini jambo ambalo mkuu wa wilaya wa kikoloni alilikosea katika barua zake za miaka miwili. Tasnifu yangu ilisimama juu ya maneno ya yule mzee. Amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu. (Niliiandika kwa Kiingereza, ilivyotakiwa, wala yeye asingeweza kuisoma. Hilo nalo lina mjadala wake.)

Kwa hivyo jibu langu kwa kijana ni ndiyo, kwa masharti. Asijiandikishe popote kabla ya kuhakikisha kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inakitambua chuo hicho na programu hiyo. Akitaka cha nje, kama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, aulize kwanza utaratibu wa kuitambulisha shahada yake hapa. Ikiwa ndoto yake ni kufundisha, ajue kwamba shahada ya sanaa peke yake haimsajilishi TSC. Atahitaji ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Na asianze na masomo sita kwa muhula kama wasio na kazi. Matatu yanatosha.

Kwa upande wa wakubwa, Konza waongeze historia na sayansi ya siasa, na maktaba za umma za kaunti zetu zifunguliwe hadi saa nne usiku, zenye intaneti inayofanya kazi. Mtu anayetoka kibaruani saa kumi na mbili jioni hana faida na maktaba inayofungwa saa kumi na moja.

Jumamosi mamake atakuja kwangu. Ametuma ujumbe kwamba ana maswali yake mwenyewe, na kwamba nitayarishe zile risiti zangu za miaka saba, azione zote.