Kinga ya simu nayo ipimwe kama mbegu

MKULIMA wa Morogoro aliyewahi kupanda mahindi yakagoma kuota hahitaji kuhubiriwa faida ya kupima. Akiingia duka la pembejeo hatishiki na rangi ya pakiti wala picha ya gunzi lililojaa. Anatafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Lebo hiyo inamwambia jambo moja tu, lakini kubwa: mbegu hii imepimwa na mtu asiyeiuza.

Mkulima huyo huyo akishauza ndizi na mboga alizoteremsha kutoka milima ya Uluguru, siku hizi mara nyingi hulipwa kwa simu. Jioni anapofika Kilakala, simu ile ile iliyobeba mauzo ya siku nzima inamwonyesha tangazo jekundu: simu yako ina virusi, pakua programu hii uisafishe mara moja. Hapo hana lebo ya kutafuta. Anabonyeza.

Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), akaunti za fedha kwa njia ya simu nchini zilikuwa zimevuka milioni 60 mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa maneno mengine, simu imekuwa ghala. Swali la makala haya ni rahisi: nani amelipima kufuli la ghala hilo, na matokeo ya kipimo chake yanamsaidiaje mfanyabiashara mdogo?

Kutoka flashi hadi simu

Kwa wakazi wa Kilakala, kata iliyo chini ya milima ya Uluguru ndani ya Manispaa ya Morogoro, virusi si habari mpya. Katika miaka ya 2000 adui alikuwa akisafiri kwa flashi. Mwanafunzi anapeleka kazi yake steshenari ikachapwe, flashi inatoka na virusi, kesho yake mafaili yamefichwa au yamegeuka kuwa vitu visivyofunguka. Mwenye steshenari naye alikuwa na programu ya kuua virusi, lakini mara nyingi ilikuwa nakala ya kunakili ambayo haijapata nyongeza mpya kwa miezi.

Wakati huo hasara ilikuwa muda na karatasi. Leo hasara ni fedha taslimu. Wakala wa miamala, mwenye duka la dawa na mama anayeuza chakula wote wanafanyia kazi kwenye simu za Android za bei nafuu, na wote wanauziwa kinga na watu wasiowafahamu.

Kuna maabara kadhaa duniani ambazo kazi yake ni kupima kinga hizo. AV-TEST ipo Magdeburg, Ujerumani. AV-Comparatives ipo Innsbruck, Austria. Virus Bulletin ya Uingereza ilianza kama jarida mwaka 1989 na imekuwa ikitoa cheti chake cha VB100 tangu mwaka 1998.

Namna zinavyofanya kazi haitofautiani sana na maabara ya mbegu. Kwa utaratibu wa kimataifa, mpimaji wa mbegu huchukua mbegu 400 kutoka kwenye sampuli, akazipa maji na joto linalostahili, kisha akahesabu zilizoota. Mpimaji wa programu naye hukusanya mamia au maelfu ya virusi halisi, akavipitisha mbele ya kila programu, kisha akahesabu vilivyokamatwa.

Hata hivyo, kuhesabu vilivyokamatwa hakutoshi. Mbwa anayembwekea kila mpita njia, akiwamo mwenye nyumba, si mlinzi mzuri. Kwa sababu hiyo maabara huchanganya programu safi katika jaribio na kuangalia ni ngapi zitasingiziwa kuwa ni virusi. Aidha, hupima kama kinga yenyewe inaifanya simu au kompyuta kuwa nzito. AV-TEST hugawa alama 18: sita za ulinzi, sita za wepesi wa kifaa na sita za kutomsumbua mtumiaji kwa tahadhari za uongo.

Kati ya 250, zilizosimama ni 80

Mwaka 2019 AV-Comparatives ilizichukua programu 250 za Android zilizodai kuua virusi, ikazipima kwa virusi 2,000 vilivyokuwa vikisambaa zaidi mwaka uliotangulia. Kigezo hakikuwa kigumu. Programu ilitakiwa ikamate zaidi ya asilimia 30 tu, bila kusingizia programu safi hata moja. Zilizofikia hapo zilikuwa 80.

Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi mbili ya kinga hizo zilianguka katika mtihani ambao mwanafunzi angeruhusiwa kukosa maswali saba kati ya kumi. Baadhi hazikuwa zikichunguza chochote. Zilikuwa na orodha ya majina ya programu zinazojulikana, na lolote lisilokuwa kwenye orodha liliitwa hatari. Waliotengeneza baadhi yake walisahau hata kuandika majina ya programu zao wenyewe kwenye orodha, hivyo kinga ikajitangaza yenyewe kuwa ni kirusi.

Miaka mitano kabla ya hapo, Aprili 2014, programu iliyoitwa Virus Shield iliuzwa katika duka la Google kwa karibu dola nne za Marekani na ikanunuliwa na watu zaidi ya 10,000. Ilipofunguliwa na wachunguzi ikabainika kuwa kazi yake yote ilikuwa kubadilisha picha moja kwenye kioo, kutoka alama ya mkasi kuwa alama ya vema. Google ililazimika kuwarudishia wanunuzi fedha zao.

Mkulima analijua jambo hili kwa jina lingine. Ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi na kutiwa kwenye pakiti ya mbegu. Tofauti ni kwamba mbegu feki hujulikana baada ya wiki mbili shambani, wakati kinga feki inaweza kukaa kwenye simu miaka miwili ikionyesha alama ya vema, na mwenye simu akiamini yuko salama.

Cheti nacho kina maswali yake

Je, hii ina maana kwamba programu yenye cheti inunuliwe bila kuulizwa? Hapana. Msomaji anayetaka kutumia matokeo ya maabara hizi anapaswa kujiuliza maswali matatu.

La kwanza ni kilichopimwa. Mwaka 2015 maabara zote tatu zilizotajwa hapo juu ziliifutia kampuni ya Qihoo 360 ya China tuzo zake za mwaka huo. Ilibainika kuwa bidhaa iliyopelekwa kupimwa ilikuwa imewashiwa injini ya kukamata virusi ya kampuni nyingine, Bitdefender, ilhali watumiaji wengi walikuwa wakipata bidhaa ambayo injini hiyo imezimwa. Ni sawa na kupeleka maabara gunia bora na kuuza sokoni gunia la aina nyingine. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliogundua ni wapimaji wenyewe.

La pili ni tarehe. Mwaka 2012 kinga ya bure ya Microsoft iliyoitwa Security Essentials ilinyimwa cheti na AV-TEST. Mrithi wake, Defender, inayokuja ndani ya Windows, katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu katika maabara hiyo hiyo. Anayekariri matokeo ya zamani ananunua kitu ambacho tayari anacho. Kinyume chake ni kweli pia: sifa ya mwaka 2012 haimlindi mtu leo.

La tatu ni nani anayelipa. Maabara hizi hupata sehemu ya mapato yake kutoka kwa kampuni zinazopimwa. Hilo peke yake si rushwa, kwani hata mzalishaji wa mbegu hulipa ada ya kukaguliwa. Linakuwa tatizo pale matokeo mabaya yasipotangazwa. Kwa hiyo taarifa yenye waliofaulu na walioanguka ina uzito kuliko tangazo la kampuni linaloonyesha nishani yake pekee.

Aidha, kuna jambo ambalo alama za kukamata virusi hazilionyeshi kabisa: tabia ya kampuni yenyewe. Avast ni jina lililozoeleka sana katika kompyuta za nchi zetu kwa sababu ya toleo lake la bure, na kwa miaka mingi imepata alama nzuri. Hata hivyo, mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, kumbukumbu za kurasa ambazo wateja wake walitembelea kwenye intaneti. Jumpshot ilikuwa imefungwa mwaka 2020. Mlinzi alikuwa hodari wa kukamata wezi, lakini alikuwa akiuza habari za nyumba.

Kinachowaliza watu Morogoro

Pamoja na yote hayo, itakuwa ni kumdanganya msomaji wa Kilakala kumwambia kwamba akipata programu yenye alama 18 kati ya 18 fedha zake zimepona. Taarifa za robo mwaka za TCRA za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya utapeli wa simu.

Utapeli huo kwa sehemu kubwa hauhitaji kirusi chochote. Ni ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ni sauti ya upole inayojitambulisha kuwa ya huduma kwa wateja, inayomwomba wakala ataje tarakimu alizotumiwa. Hakuna maabara ya Magdeburg au Innsbruck inayopima hilo, na hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kuitoa namba yake ya siri kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kupanga vizuri matumizi yake. Kwa simu ya Android, hatua ya kwanza haina gharama: kuacha kupakua programu nje ya duka rasmi, hasa zile zinazotumwa kwa WhatsApp zikiahidi mkopo wa haraka au bando la bure, na kuiacha ikifanya kazi Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya simu nyingi tangu mwaka 2017. Ilianza vibaya, kwani katika jaribio la AV-TEST la mwaka huo ilikuwa chini ya wastani wa wenzake, lakini alama zake zimepanda sana tangu hapo.

Anayetaka kuongeza programu ya kulipia aangalie kwanza kama jina lake limo katika matokeo ya mwaka huu ya maabara mojawapo. Kama halimo kabisa, asilipe.

Kwa namba za simu, kuna njia mbili ambazo kila mtu anapaswa kuzijua. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma vinapelekwa 15040. Na kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Hizi hazihitaji bando wala simu ya kisasa.

TOSCI ya simu iko wapi?

Zipo sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, hatua iliyoonyesha kwamba serikali ikitaka inaweza kutenganisha kifaa halisi na cha kughushi.

Lakini kifaa kuwa halisi si sawa na kuwa salama. Agosti 2020 wachunguzi wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na virusi tangu zikiwa kwenye boksi, vikiwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Kampuni mama, Transsion, ilisema virusi hivyo viliingizwa na mtu wa kati katika mlolongo wa utengenezaji na kwamba ilitoa marekebisho. Simu hizo hazikuwa bandia. Zilikosa mpimaji wa kuzifungua kabla hazijafika kwa mnunuzi.

Tanzania haina sababu ya kujenga upya kile ambacho Wajerumani na Waaustria wameshajenga. Orodha ya virusi inaweza kupimwa Ulaya. Kinachokosekana ni sehemu mbili za mwisho. Kwanza, mtu wa kuyasoma matokeo hayo na kuyatoa kwa Kiswahili kila baada ya miezi michache, kwa ufupi ambao wakala anaweza kuubandika ukutani. Pili, kupima simu za bei nafuu zinazouzwa hapa, pamoja na programu za mikopo zinazowalenga watu wetu, mambo ambayo maabara ya Ulaya haina haraka nayo.

Kitengo cha TZ-CERT kilicho chini ya TCRA, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao, ndicho chenye nafasi ya kuanza. Morogoro yenyewe ina vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, na ina wataalamu wa mbegu waliozoea kusema "hii imeanguka" hata pale mwenye mali anapokasirika. Uzoefu huo ndio mtaji wenyewe.

Mpaka hapo itakapowezekana, mfanyabiashara wa Kilakala abebe kanuni ya duka la pembejeo hadi kwenye simu yake. Tangazo jekundu linapojitokeza likidai simu ina virusi, asiulize linasema nini. Aulize ni nani mwingine, asiyeuza, aliyeipima dawa inayotangazwa. Kama jibu halipo, pakiti hiyo airudishe kwenye shelfu.