Usipoziba Ufa: Kuitoa Injini Ndani ya Boti na Kuipachika Nje

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo unamfaa sana mnunuzi wa boti kuukuu ambayo injini yake imo ndani, na mguu wa rafadha uko nje ya tezi. Mtambo wa namna hiyo ulionyeshwa na kampuni ya Volvo Penta ya Uswidi mjini New York mwaka 1959, ukasifiwa sana. Lakini mguu huo hupita katika tundu kubwa lililokatwa tezini, na kinachozuia maji yasiingie ni mpira wenye mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi. Mpira ukichakaa na kupasuka, boti yaweza kuzama usiku hali imefungwa gatini.

Na uchukuliwe mfano wa sajini mstaafu aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua boti ya faiba iliyo na injini mbovu. Vijana wa bandarini humwambia, "Afande, ziba tundu, pachika injini ya nje, kazi imekwisha." Fundi mzee humjibu kwa upole, "Ndugu yangu, injini utaipata dukani. Tezi imara haiuzwi dukani."

Fundi huyo ana haki. Injini ya ndani hukalia maboriti ya sakafuni, na tezi hubeba sehemu tu ya mzigo. Injini ya kupachika hubebwa yote na tezi. Tena kila inaposukuma boti, huuvuta ukuta huo juu na kuusukuma chini, kama mtu ang'oaye mlango. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuugonga ukuta wote kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu ni dalili njema. Mlio mzito uliofifia hudokeza kwamba mbao za ndani zimeoza. Zilizooza sharti zitolewe zote.

Kingo za tundu husagwa kwa mteremko mrefu, yaani unene wa sentimita 1 hupewa mteremko wa sentimita 12 hivi, ili kiraka kishikamane na ukuta wa zamani. Ndipo huwekwa mbao mpya na tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini. Ndani, ukuta huunganishwa na maboriti kwa viegemeo imara. Kila tundu la boliti hupakwa dawa ya kuzibia, kwa maana maji huanza kuozesha ubao kupitia tundu dogo.

Uzito nao una hila. Injini ya ndani ya silinda nne pamoja na mguu wake hukaribia kilo 300, ilhali ya kupachika ya nguvu za farasi 115 mara nyingi haifiki kilo 200. Hata hivyo hiyo nyepesi huning'inia nyuma kabisa, na tezi yaweza kuinama. Dawa yake ni kusogeza betri na tangi la petroli mbele. Kadhalika nguvu ya injini isizidi kiasi alichoruhusu mjenzi wa boti. Asipopatikana, aulizwe mhandisi wa vyombo.

Injini isipande mno wala kushuka mno. Kibapa kilicho juu ya rafadha huanza kulinganishwa na sehemu ya chini ya boti, kisha hurekebishwa baada ya majaribio.

Faida moja huwagusa watoto wanaopanda boti hiyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya chombo. Injini ikiwa humo, cheche moja hutosha kuleta mlipuko. Injini ikiwa nje, hatari hupungua, lakini haiishi maadamu tangi bado limo ndani.

Siku ya majaribio, boti na iende karibu na ufuko, maji yakiwa shwari, bila abiria. Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea maisha, na nahodha ajifunge kamba ya kuzimia injini. Baada ya hapo ukuta wa tezi ukaguliwe tena, ndani na nje. Ukionekana ufa hata mwembamba kama unywele, boti ipandishwe nchi kavu siku hiyo hiyo.

Sajini mwenye fedha chache na aanze na tezi. Injini yaweza kungojea mwaka mwingine.